Nilikula Ukuta wa Kenge

Kisa hiki sikusimuliwa. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa Kidete, mchana kweupe, na shahidi wangu ni meno yangu haya yaliyokula udongo. Ukitaka kucheka cheka sasa, maana huko mbele hutacheka.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika kabla majirani hawajazijua, kwa hiyo hii niliibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Mama yeyote aliyepata ujauzito anaijua hamu ya udongo. Ule wa sokoni haukunitosha. Mimi niliutaka wa kichuguu kilichoko nyuma ya nyumba yetu, kuelekea mto Mkondoa, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Kila mchana, mume wangu akiwa kwenye shamba lake la vitunguu, nilichukua kisu cha jikoni nikaenda kuumega.

Kaka yangu, anayeongoza watalii hifadhini Mikumi, alikuja kututembelea akanikuta natafuna. Akaniambia niache, kwanza kwa ajili ya damu yangu, pili kwa sababu kile kichuguu kina mwenyewe. Wakati wa masika alikuwa ameona alama za kucha ubavuni mwake. Alinieleza kwamba mvua ikishalainisha udongo, kenge jike hutoboa kichuguu, akataga mayai ndani, akaenda zake. Mchwa hawana ugomvi naye: huliziba lile tundu, na mayai hukaa humo miezi na miezi kwenye joto lao, nje kukiwa na baridi au jua kali. Mvua nyingine ikinyesha, watoto hutoka. Nikamuuliza kama mama yao hurudi. Akasema wenzake kazini hubishana juu ya hilo. Wengine husema akishataga amesahau, wengine husema hurudi kuwafungulia.

Watu humsingizia kenge kwamba hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Asiyesikia nilikuwa mimi. Kaka aliondoka asubuhi, na mchana nilirudi kichuguuni na kisu changu.

Siku hiyo kisu kilizama. Nilipokichomoa kilikuwa na ute wa manjano. Nikapanua tundu nikayaona, meupe, yamelaliana, maganda yake laini kama ngozi. Moja nilikuwa nimelichana. Ndani yake kulikuwa na kitu chenye mkia, nacho kilikuwa bado kinajikunja. Unadhani nilisikitika? Nitasema kweli: nilifurahi. Mwaka mzima kenge walikuwa wakila mayai ya kuku wangu. Nikawatupia kuku lile yai, wakaligombania, nami nikasema moyoni kwamba leo tumelipizana. Kisha nikaendelea kumega upande wa pili.

Siku tatu baadaye, saa saba mchana, nilikuwa nimeinama pale pale. Najua watu hudhani mambo haya huja usiku, lakini kenge ni mnyama wa jua. Nilihisi natazamwa. Nikainua kichwa, nikamwona mwanamke amesimama juani hatua chache tu kutoka nilipo. Mtu mzima, umri wa mama yangu. Kanga yake ilikuwa nyeusi yenye madoadoa ya manjano, na pindo lake limelowa, ilhali tangu masika yaishe hatukuwa tumeona tone la mvua.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Wewe unajua kwetu huku maana ya mtu mzima kutoitikia shikamoo. Hata aliyekuja kukugombeza huitikia kwanza.

"Karibu kivulini," nikasema.

"Jua halinisumbui."

Alikuwa akilamba midomo haraka haraka, na niamini, hakupepesa macho hata mara moja. Akanitazama kinywani. "Kumbe ni wewe unayekula ukuta wangu."

Nilikuwa na kisu mkononi na udongo kwenye meno. Ningekana nini? Nikamwambia, nisamehe mama, ni hamu ya mimba. Akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaonitesa hadi leo.

"Yote yapo?"

"Yote yapo," nikasema.

"Basi ziba. Kama yalivyo ya kwangu, ndivyo litakavyokuwa tumbo lako."

Akageuka akaelekea mtoni. Nilitazama mchanga alipopita. Kulikuwa na nyayo za mtu, na katikati yake mstari, kama wa mtu anayeburuta fimbo. Hakuwa na fimbo. Nikaufuata hadi karibu na matete. Nyayo ziliishia njiani, mstari ukaendelea mpaka majini.

Niliziba. Nilikanda tope kwa mikono yangu, na mchwa wakamalizia. Udongo sikuugusa tena. Kila siku nilikwenda kukishika kile kichuguu na kukiomba msamaha, lakini habari ya lile moja sikuitamka, si pale wala kwa mume wangu. Nilijipa moyo kwamba hakuna anayehesabu mayai aliyoyataga gizani.

Mvua ya vuli ilianza alfajiri, na uchungu ukaanza nayo. Nikapelekwa hospitali, Kilosa. Binti yangu alitoka analia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo muuguzi akaniwekea mkono tumboni akasema, "Tulia dada, yupo mwingine." Hatukuwa tumejua. Wa pili alikuwa wa kiume. Hakulia.

Muuguzi alisema damu yangu ilikuwa ndogo mno, na kula udongo kulichangia. Inawezekana. Kaka yangu naye anasema hivyo hivyo. Ninachojua mimi ni kwamba niliporudi nyumbani kichuguu kilikuwa wazi, maganda yametapakaa kwenye tope, na ule mstari ulikuwa umefika mpaka kizingitini kwetu, kisha ukageuka.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Ni mzima na ana maneno mengi. Hupenda kulala kifudifudi juu ya kichuguu jua likiwa la utosi, na kuku wetu hawamsogelei. Juzi alikuja mbio tukiwa tunakula.

"Mama, yule bibi wa juani anauliza, yote yapo?"

Nikarudisha tonge sahanini. Baba yake alikuwa ameketi mbele yangu, na ilibidi niseme mbele yake nililomficha miaka yote hii. "Kamwambie hapana. Moja nililivunja mimi."

Mtoto akaenda, akarudi. "Amesema alijua siku ile ile. Alikuwa anangoja useme."

Mume wangu akanawa mikono, akatoka.

Sasa wewe dada mwenye mimba unayenisikiliza, udongo huo unaoumega una mwenyewe. Uache. Na kama umeshaula, ukaulizwa, sema kweli pale pale uliposimama. Mimi kila nikimtandikia binti yangu kitanda najiuliza: ningesema kweli saa saba ile, leo ningekuwa nawatandikia wangapi?