Mkono wa Kumsalimia Sylvance

Kaka yangu Nabiswa, tuliyemzika Jumamosi, aliishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben akiwa na mkono mmoja. Wa kulia ulikatwa na mashine ya mabati kiwandani, siku mwenzake wa kazi Sylvance alipokanyaga pedali akidhani bati limeshawekwa na mkono umeshatolewa. Sylvance alikuja kuomba msamaha hospitalini, nyumbani, hata kanisani. Kila mara Nabiswa alimjibu kwa upole kwamba kwetu mtu hasalimiwi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia hana. Watu walicheka, Sylvance akaondoka.

Mwaka jana msichana wa chuo, Mwelu, alileta mkono wa plastiki wa majaribio katika ukumbi wa kanisa letu. Alimvika Nabiswa kofia yenye nyaya, akamwambia awaze kukunja ngumi. Vidole vya plastiki vikajikunja. Akina mama wakapiga vigelegele. Nabiswa akashika kikombe kwa mkono huo, kisha akaliponda andazi langu.

"Na hilo nani atalipa?" nikamuuliza. Alicheka mpaka kofia ikateleza.

Sylvance, aliyekuwa amekaa nyuma, akaja akanyoosha mkono. Wa plastiki ulitulia juu ya meza. Mwelu akabadilisha betri, akakagua nyaya, akaomba radhi kwamba mtambo umeshindwa kusoma mawazo.

"Usiuguse, mwanangu," Nabiswa akasema. "Unasoma vizuri. Mimi ndiye sijataka."

Sylvance alitoka, na Mwelu akafungasha vitu vyake.

Tulipofika nyumbani Nabiswa hakutaka chakula. "Nasambu dada yangu," alisema, "mguu wa Sylvance ulikanyaga bila yeye kukusudia. Mkono wangu leo umekataa kwa kukusudia. Kati yetu, nani amemuumiza mwenzake?"

Tuliomba pamoja, jioni hiyo na nyingine nyingi. Nilitarajia moyo wake ulainike kwanza, kama tunavyosikia kwenye shuhuda. Haukulainika. Asubuhi moja alivaa koti, akaniambia bado ana hasira ile ile, ila anaenda.

Nilimfuata hadi mlangoni kwa Sylvance. Nabiswa alipandisha mkono wa koti uliokuwa mtupu, akanyoosha kigutu chake. Sylvance alikitazama, kisha akakipokea kwa mikono yote miwili.

"Ingia basi, ndugu yangu," alisema. "Uji bado ni moto."

Nabiswa akaingia.