Folda ya Marehemu

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka nilimpoteza mume wangu. Tulipoanua tanga, wazee wa ukoo waligawa vitu vyake, na simu ikaenda kwa mdogo wake anayeishi kijijini Mwese. Sikubisha, ndiyo desturi. Niliomba tu anisubiri hadi mchana, nami nikaahidi kumkabidhi.

Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya mume wangu. Alikuwa akijirekodi akiwaelekeza wafugaji nyuki wenzake. Rekodi zilikuwa nyingi, na nilipojaribu kuzihamishia kwangu, simu yangu haikuzifungua.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nilikwenda Kashaulili, mjini, kwa dada mmoja mwenye steshenari. Akanieleza kuna kompyuta za mbali, zinaitwa wingu; unaziandikia maagizo mara moja, nazo zinachukua rekodi moja moja, zinaigeuza ifunguke kwenye simu yoyote, zinaihifadhi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyajaribu.

“Tutajifunza wote, mama,” akasema.

Tuliandika maagizo: chukua kila kilichomo kwenye folda ya Baba Watoto. Alipoinuka kumhudumia mteja, nikatengeneza folda yenyewe kama alivyonielekeza na kupandisha rekodi. Nikabonyeza. Maandishi mekundu. Nikabonyeza tena. Mekundu.

Shemeji, aliyekuwa nje akiisubiri simu yake, akachungulia mlangoni. “Shemeji, hiyo simu mnaichemsha? Mvua ikinikuta njia ya Mwese, pikipiki itanipanda mimi!”

“Ngoja, shemeji. Bado.”

Dada akarudi, akasoma. “Inasema haioni folda. Mama, mbona umeandika Marehemu Baba Watoto?”

“Si amefariki?” Kwetu aliyelala hatajwi hivihivi, kana kwamba yuko shambani.

“Lifute hilo neno. Mashine haijui heshima.”

“Basi tuiambie. Tubadilishe maagizo.”

Akacheka, akanisogezea kibodi. Niliongeza neno lile kwenye maagizo, herufi moja moja kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Safari hii ikaenda. Rekodi zikaanza kutokea upande wa pili. Nikafungua moja kwenye simu yangu: mume wangu alikohoa, kisha akauliza kama inarekodi.

Mbili ziligoma. Tulirudia, zikagoma, na mpaka leo hazifunguki. Nje wingu la mvua lilikuwa limeshatanda.

Nikatoka, nikampa shemeji simu kwa mikono miwili. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia kifuani, akawasha pikipiki.