Majibu ya Namba Kumi na Saba

Siku ile ya kijijini Maparoni, kule delta, siisahau, mwanangu, wala siombi niisahau. Nilikuwa binti, nimetoka kuandika makala yangu ya kwanza juu ya vinasaba vya bakteria, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Watafiti wa nchi nisizowahi kuziona walikuwa wanainukuu. Barua ikifika kutoka chuoni, nilitafuta kwanza idadi ya walionitaja, salamu nikasoma baadaye.

Makala yenyewe ilitokana na choo cha watoto wa delta. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya dawa yakachipuka kila penye watu, na vidonge vya rangi mbili vikauzwa viwiliviwili kama karanga. Nilipita vijijini kwa boti, nikachukua choo cha watoto wanaohara damu, nikampa kila mzazi kikaratasi chenye namba. "Tunzeni," nikawaambia, "majibu yanakuja." Maabara ikanionyesha kwamba vidonge vile havikuwafanya kitu bakteria wale, tena walikuwa wakipeana usugu huo wao kwa wao. Nikaiandika vizuri kwa Kiingereza, nikaipeleka ng'ambo. Maparoni sikupeleka hata mstari mmoja.

Mwaka wa pili profesa wangu akanirudisha nikachukue sampuli nyingine. Nikashuka Maparoni na chupa zangu. Bi Siwema, mama wa makamo aliyekuwa akianika mpunga, aliponiona akafungua pindo la kanga yake, akatoa kikaratasi.

"Namba kumi na saba hii. Majibu yake umekuja nayo?"

Nikauliza kama mtoto mwenyewe yupo, nimpime tena.

"Tulimzika kabla ya Ramadhani. Tulimnunulia rangi mbili, zikaisha, tukamnunulia nyingine. Miye nikasema tungoje, yule binti kasema majibu yanakuja." Akanitazama. "Ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua. Nikaongeza, na hadi leo sijui kwa nini, kwamba nimeyaandika na watu wengi wa ng'ambo wameyasoma.

"Basi wale wa mbali umewaambia, na siye tuliokupa ukatunyamazia," akasema, akarudi kwenye mpunga wake.

Nililia, mwanangu, nakwambia bila haya. Nililia kwa aibu kwanza, kisha kwa hasira, maana profesa alikuwa ameniagiza nisitamke neno la matokeo yetu hadi makala ya pili itoke, wengine wasije wakatutangulia.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, nikaomba nafasi nje ya msikiti nikasema yote, kwa Kiswahili. Nikawaambia dawa ipi haifai. Nikawaambia mtoto akihara damu apelekwe zahanati siku hiyohiyo, na anyweshwe maji ya chumvi na sukari njiani. Nikamwandikia mganga wa zahanati kila nilichokijua, kisha nikaenda kijiji cha Mbuchi nikarudia maneno hayohayo.

Jina langu likafutwa kwenye makala ya pili. Profesa akaniita mkaidi mbele ya wenzangu. Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, na nikirudi delta nitasema tena." Makala ile imenukuliwa mno, nami simo. Sikuomba radhi wakati ule, na sasa nimestaafu hapa Kibiti bado siombi.

Nisikudanganye, kunukuliwa kunapendeza. Mjukuu wangu akinifungulia kompyuta, naangalia kama kuna aliyenitaja mwaka huu. Lakini kikaratasi namba kumi na saba ninacho pia. Bi Siwema alinipa siku niliyoondoka, akasema nikae nacho mimi.

Wewe unayeingia maabara leo, kabla hujaweka jina lako juu ya makala, hakikisha mwenye choo na mwenye damu amepata majibu yake, kwa lugha anayoota nayo. Wakikukataza, kataa. Wakikutisha kwa cheo, waachie cheo chao. Wakifuta jina lako, wafute, utaandika makala nyingine. Mtoto wa Bi Siwema hakupata nafasi nyingine.

Mwenyezi Mungu akupe akili kali na mdomo usioogopa wakubwa. Akujaalie ufike uzee bila kuulizwa swali nililoulizwa mimi, na ukiulizwa, uwe umekuja na majibu.