Mwaro na Mwalo

Jumanne, mwanzoni mwa Novemba. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, kisha jua likawaka kwa hasira, mtaa wote wa Mirongo ukafuka mvuke.

Leo nimeona kazi ya mtu na nataka kuiandika, ingawa sina hakika nitaieleza sawasawa. Shule niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni kupakia barafu. Kila siku saa kumi tajiri wetu anatazama ripoti kwenye skrini, kilo za samaki waliopimwa kila mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, halafu ananiambia lori lipeleke kiasi gani wapi. Zamani barafu ilikwenda kwa mwenye kelele nyingi kwenye simu. Tangu dada wa ripoti, fundi wetu wa kompyuta, atengeneze zile chati, inakwenda kwa kilo, na naona ndiyo haki.

Asubuhi alinipigia karani wa mwalo mmoja upande wa Magu, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sangara wamejaa hapa, nimewafunika magunia yenye maji. Mkiniletea barafu kidogo kama ya jana, kesho watu wangu wanatupa samaki."

Nikatazama skrini. Mwalo wake ulikuwa na kilo chache, zilezile za Ijumaa, siku ya upepo kwao ambayo mitumbwi mingi haikutoka. Namba hazikuwa za uongo. Zilikuwa za zamani. Ningeweza kumwambia tajiri amwamini mama kwa mdomo, lakini makarani wote wana midomo, na tungerudi kulekule.

Nikamwita dada wa ripoti. Ni mdogo kwangu kiumri, katokea pande za Musoma; namwita dada kwa heshima ya kazi. Akafungua ripoti, akasoma maandishi mekundu ya hitilafu, akacheka peke yake.

"Ripoti yenyewe haina namba, kaka. Inatumwa kuzichukua. Imeandikiwa njia: ingia hapa, fungua folda hii, chukua faili ile. Ikikosa njia, inabaki na ilizoleta mara ya mwisho."

Nilielewa hivi: umemtuma mtu Buzuruga kwenye nyumba yenye geti la bluu, kumbe mwenye nyumba kalipaka kijani. Atarudi mikono mitupu. Sijui kama mfano wangu unatosha.

"Nani kanisahihishia Kiswahili?" akauliza kwa sauti.

Mhasibu akainua kichwa. "Mimi, Jumamosi. Folda uliipa jina Mwaro. Ni mwalo, dada. Wageni wanafungua hizo folda."

"Kwetu ni mwaro, na samaki wanashuka vilevile."

Dereva wa lori, aliyekuwa mlangoni akisubiri kupakia, akadakia: "Nyie watu wa Mara, hiyo r mtazikwa nayo!"

"Msukuma wewe, jana si uliaga hapa unakwenda kurara? Nyamaza."

Tulicheka mpaka mhasibu. Nimtendee haki: kamusi iko upande wake, na nia yake ilikuwa njema. Mimi mwenyewe nisingejua kwamba kubadilisha herufi moja kunafunga mlango.

Nikashauri tulirudishe jina la zamani, yaishe. Nilijiona nimesema jambo la akili. Dada akatikisa kichwa taratibu, bila dharau.

"Makarani wa mialo tangu Jumamosi wanaweka faili zao kwenye jina jipya. Nikirudisha la zamani, ripoti zitapona, wao watapotea. Jina jipya libaki, tena ndilo sahihi. Kosa ni langu. Njia niliiandika ndani ya kila ripoti, moja moja. Ilitakiwa ikae mahali pamoja, zote ziulize pale."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Angeweza kumtupia mhasibu lawama yote, na sisi tungemuunga mkono. Badala yake alivuta kiti, akafungua ripoti ya kwanza, akaifuta ile njia, akaielekeza pale mahali pamoja, akaenda ya pili. Ya kilo, ya barafu, ya malipo, ya magari. Hakuruka hata ile ya mizani mibovu ambayo hakuna anayeisoma. Mhasibu akamletea chai, dada akaiacha ipoe.

Namba za Magu kwenye skrini zikaruka juu. Mimi nilishangilia, yeye hakushangilia.

"Mpigie mama, akusomee kilo za leo kwenye mizani yake. Usimtajie za kwangu."

Mama akasoma. Zikalingana na skrini. Ndipo dada akanywa ile chai baridi.

Saa kumi tajiri alitazama, akaongeza barafu ya Magu sana. Iliyoongezwa ilipunguzwa kwa mwalo mwingine, na karani wa huko alinifokea kwenye simu. Sikumjibu vibaya. Siku tatu amepata zaidi ya kilo zake bila kuomba. Si kosa lake kuzoea. Lori likaondoka, likapita Kisesa kukiwa bado kweupe, na kabla ya magharibi mama akapiga.

"Imefika, mwanangu. Tunapanga samaki. Huyo binti mwambie asante."

Nimemwambia. Amesema, "Mwambie mama asante ya mwaro imefika," na mhasibu hakumsahihisha.

Nyumbani tumekula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na mtindi kwa aliyetaka.