Mpangaji Anayekaribisha Wasiokuwepo

Mpangaji wa chumba changu cha nyuma huwasha kompyuta saa nane mchana, akacheza mchezo wa kuendesha malori ili watu wamtazame mtandaoni. Watu wenyewe hawaji. Pembeni ya kioo pana namba ya watazamaji, na mwezi wa pili huu ni sifuri. Hata hivyo haachi kuongea. Vidole vyake vyembamba vinakata kona, mdomo unakaribisha: "Karibuni, jamani, tunapanda mlima." Tangu mke wangu atangulie, nyumba hii haikuwa na sauti mchana. Nikamuuliza, "Binti, unaongea na nani?"

"Na atakayekuja, babu. Akifungua akanikuta nimetulia kama maji ya mtungini, si ataondoka?"

Jana aliniambia leo ndiyo mwisho. Asipopata hata mmoja, anarudi kuuza dukani kwa shangazi yake. Basi leo nikaenda kukaa nyuma yake. Mara namba ikawa moja. Sauti yake haikubadilika, ila lori liliacha barabara likaingia mtaroni. "Karibu, mgeni," akasema, "umenikuta naegesha." Kisha akaninong'oneza, "Ameandika kicheko." Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikaogopa kukiweka chini, mgeni asije akashtuka akaenda zake.