Uso wa Mama Uliofungiwa Mkebeni

Nakumbuka siku niliyosikia kwa kinyozi, hapa Bahati, kwamba kamera ya dijitali ikipiga picha ya negativu, ule ukanda wa filamu wa zamani, inafyonza sura yote na kuacha plastiki tupu. Niliamini, mwanangu. Niliamini kuliko ninavyoamini cheti changu cha ngumbaru. Nilikuwa bado kijana, miaka hamsini na sita tu.

Niliamini kwa sababu nilitaka iwe kweli. Swaleh alikuwa amefungua duka mkabala na studio yangu, kazi yake kugeuza negativu za watu ziwe picha za kuweka kwenye simu. Watu walitoka Elburgon, wakatoka Naivasha, nusu ya Bonde la Ufa, foleni ikafika mlangoni kwangu. Halafu wananiuliza, "Mzee, kwa Swaleh ni hapa?" Chai ilinigeukia shubiri mdomoni. Nilikuwa nawachungulia kupitia pazia, na hata kicheko cha Swaleh kiliniwasha mwili.

Sasa, sisi wapiga picha wa zamani tulikuwa na desturi yetu. Mteja anaenda na picha, negativu inabaki studio, ili akitaka nyingine arudi kwako. Mimi nilikuwa nazo mikebe kwa mikebe. Ukizitandaza zinafika Kisumu.

Jumatano moja akaja Nekesa, binti wa fundi wa reli. Mamake alikuwa amefariki, mazishi ni Jumamosi, na picha zao zote ziliungua pamoja na nyumba mwaka uliotangulia. Iliyobaki duniani ni negativu moja, kwenye mkebe wangu.

"Baba Ciku, nipe nipeleke kwa Swaleh. Sina hata uso wa kuweka juu ya jeneza."

"Kwa Swaleh? Mashine yake itamfuta mamako! Wacha nifanye mwenyewe."

Kamera ya dijitali nilikuwa nayo, ya kupigia harusi, na lenzi ile ile iliyonunuliwa nayo. Nikabandika negativu dirishani kwa selotepu. Nikisogea karibu, lenzi inakataa, ukungu mtupu. Nikirudi nyuma, mama wa watu anakuwa punje ya mtama, na mti wa nje unamwota kichwani. Alhamisi nzima nilicheza ngoma hiyo. Nekesa alikuja mara mbili, nikamwambia bado kidogo. Ijumaa asubuhi alikuja tena, na hakuketi.

"Mzee, hata hiyo unayompigia mama ni dijitali. Wewe huogopi mashine. Una wivu. Lakini mama ni wangu, si wenu."

Nikachukua mkebe, tukavuka barabara.

"Shikamoo mzee," Swaleh akasema. "Leo umevuka bahari!"

Akapuliza vumbi, akalaza negativu kwenye fremu ndogo juu ya ubao wa taa. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye stendi, inaangalia chini, na lenzi yake ni ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ile inayoweza kukuonyesha nyusi za nzi. Akapiga mara moja. Kwenye kompyuta akageuza, weusi ukawa weupe, na mama akatokea, kitambaa kichwani, pengo la meno na yote.

Nekesa akashika meza. "Mama," akasema kwa sauti ya chini.

Mimi, bado na ubishi wangu, nikanyakua ile negativu nikaiinua kwenye mwanga. Mama alikuwa pale pale.

"Mzee," Swaleh akaniambia taratibu, "kamera inaiangalia tu. Haichukui kitu."

Mwanangu, wivu wangu haukumpunguzia Swaleh hata mteja mmoja. Ulimnyima Nekesa siku mbili za kumtazama mamake kabla ya kumzika, na siku hizo siwezi kumrudishia. Kwa hivyo mtu akikujia na shida, na mwenzako anaiweza kuliko wewe, mwonyeshe mlango wa mwenzako, hata kama roho inakuuma. Itakuuma kidogo, halafu utakunywa chai. Na kitu cha mtu ulichowekewa, akikiomba mpe.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, akupe na moyo wa kufurahia kazi ya jirani. Na wale unaowapenda, akuachie nyuso zao siku zote.