Besi Aliyekataa Kuwa Bibi Harusi

Fundi wa malori aliitwa Masharubu, na jina lilimkaa. Masharubu yenyewe yalikuwa meusi tititi, mazito kama brashi ya kusugulia sakafu, na aliyatunza kuliko spana zake. Gereji yake ilitazamana na mlango wa kanisa, barabara tu katikati, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa besi ya kwaya. Besi hasa. Akishuka chini kwenye "amina", vioo vya madirisha vilitetemeka na watoto wachanga wakanyamaza.

Ugomvi uliletwa na wimbo mpya. Mchungaji alikuwa akifundisha juu ya kanisa kuwa bibi harusi wa Kristo, akaeleza shela, akaeleza maua na macho ya haya, mpaka akina mama wakajifuta machozi. Basi mwalimu wa kwaya, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, akatunga wimbo wa kufuata mafundisho hayo, na katikati akampa besi mstari wake peke yake: Mimi ni bibi harusi, sasa niko tayari.

Masharubu akafunga mdomo.

"Besi, mbona kimya?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, kanisa kuwa bibi harusi, sawa, sina neno. Lakini hapa umeandika mimi. Mimi nani? Mimi huyu?" Akayashika masharubu pande zote mbili.

"Wewe huyo. Kanisa ni nani kama si wewe? Matofali?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Hilo ndilo lililomchoma, maana Masharubu kuchekesha alipenda, kuchekwa hapana.

"Basi waimbe wenye sura za kuolewa!"

"Jumapili ijayo kwaya za jirani zinakuja kutusikiliza," mwalimu akasema. "Ukiweza kuimba mstari wote, karibu. Huwezi, pumzika nyumbani."

Akapumzika. Alidhani watamfuata kwa magoti. Hakufuatwa na mtu. Walimweka fundi cherehani mahali pake, mtu mwema sana, ila kwa sauti ile hata mbu angemwonea huruma. Na kwa kuwa gereji ilitazamana na kanisa, kila mazoezi yalipoanza Masharubu, chali chini ya lori, alisikia wimbo unapanda vizuri, unafika kwa besi, unatumbukia shimoni. Ilimuuma kama jino. Wimbo ulikuwa mtamu, tuseme ukweli, na mahali pale palikuwa pake.

"Rudi ukaimbe," mkewe akamwambia. "Unanuna humu ndani kama jiko la kuni mbichi."

"Mama, nikajiite bibi harusi mbele ya watu? Madereva nitawatazamaje?"

"Hao madereva wanakuletea malori mabovu. Hawaji kuposa."

Hata hilo halikumtoa. Kilichomtoa ni ukaidi wake mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya lori lililochemka, fundi cherehani naye kule ng'ambo akaukosa mstari tena. Masharubu akageuza kichwa kwa hasira, "Shuka chini! Chini!" na mkono wake ukafungua kifuniko cha rejeta ya moto. Jambo ambalo kila aliyewahi kujifunza kazi pale alikatazwa kabla hata ya kushika spana! Maji yakaruka. Ashukuriwe Mungu, uso ulikuwa umegeukia kanisani. Lakini mikono yote miwili iliungua, na muuguzi wa zahanati akaifunga bandeji ikawa kama kabichi mbili, akasema isiguse maji.

Masharubu alikuwa hajaoshwa na mtu tangu alipojua kutembea. Alijaribu kushika sabuni kwa viwiko, ikamkimbia. Jumamosi mkewe akasema harufu ya dizeli imezidi, akamkalisha kwenye kigoda uani, akaleta beseni, brashi, na kitambaa chenye mafuta ya taa cha kutolea grisi.

"Polepole, unanichuna!"

"Hii si ngozi, hii ni grisi ya tangu ujana wako. Inama. Haya, geuka, bibi harusi."

"Nani bibi harusi?"

"Nani anaogeshwa hapa?"

Akanuna, lakini mtu aliyejaa povu atakwenda wapi? Alipokaushwa tu akataka Biblia. "Lazima kuna mahali wanaume tumeondolewa. Nikipaona, mwalimu atanitambua."

Kurasa ilibidi mkewe amfunulie. Aliona waanze na barua za Paulo, kwa kuwa Paulo alikuwa mwanamume na alifanya kazi ya mikono. Wakafika pale Waefeso walipoandikiwa kwamba Kristo alilipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake, akalisafisha kwa maji, apate kulisimamisha mbele yake halina doa wala mkunjo.

"Rudia," Masharubu akasema.

Akarudia.

"Anayeosha hapa ni bwana harusi mwenyewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haletewi aliyekwisha kuoshwa?"

"Haletewi. Anamchukua na grisi yake."

"Na bibi harusi kazi yake nini?"

"Kutulia aoshwe. Kama wewe, ila yeye halalamiki."

"Nani kakwambia halalamiki?"

Wakacheka mpaka bandeji zikamuuma. Kisha akalitazama beseni. Siku zote alidhani bibi harusi ni uzuri, ni shela na maua, vitu ambavyo yeye hana. Kumbe hakuna aliyemuuliza uzuri. Maji yale meusi yalikuwa yake, na mikono iliyomtoa weusi ule haikuwa yake.

"Mama, shati langu la kwaya limepigwa pasi?"

"Tangu juzi," mkewe akasema.

Jumapili mwalimu alimpokea mlangoni. "Mstari wote?"

"Wote, na masharubu juu yake."

Fundi cherehani, kwa furaha ya kutua mzigo, akamshikia kitabu. Wimbo ukapanda, ukafika kwa besi, na Masharubu akajiita bibi harusi kwa sauti iliyogeuza shingo za kwaya zote za jirani. Mtoto mmoja akacheka. Masharubu akamkonyeza, akashuka chini kabisa, vioo vikatetemeka.

Nje, dereva mmoja akamsubiri. "Hongera, bibi harusi! Shela liko wapi?"

"Liko kwa dobi. Na lori lako wiki hii utalitengeneza mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, ndipo akaona doa la grisi chini ya sikio la kushoto, jeusi, kubwa kama kifungo cha koti. Beseni lilikuwa bado uani.